Mashine ilisoma sifuri, lori likalala mtaroni

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mbale. Amenunua malori mawili, anabeba saruji kutoka hapa Tororo, ameajiri madereva, na ana swali moja tu: "Hajati, mashine nzuri ya kupima ulevi ni ipi, na Kampala inauzwa wapi?" Nilimwandikia mistari miwili nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaona heri nimjibu hapa mbele za watu, maana swali hilo niliwahi kuliuliza mimi. Nilijibiwa vizuri, nikanunua, na kilio hakikunikosa.

Kwa wageni: mume wangu alipofariki aliniachia Fuso moja, watoto watatu na deni la benki. Mashemeji walitaka niuze. Wenye magari wa Malaba walisema lori na mwanamke haviendi pamoja. Habari za benki na mawakili nawarukisha, hazina utamu. Leo nina malori sita, na wawili kati ya waliocheka wamewahi kunipigia simu usiku kuniomba nibebe mzigo uliowashinda. Nilibeba.

Mashine niliinunua mwaka ule polisi walipokaza ile operesheni yao ya Kawunyemu. Kwa asiyejua Kiganda, jina lenyewe ni la kunusa: unapuliza, afande anajua ulichokunywa. Dereva wangu mmoja alikamatwa asubuhi, njia ya Jinja, akalala rumande na mzigo wa watu ukalala naye. Nilipomuuliza akaapa kwamba hajagusa pombe tangu jana yake. Nami nikamwita mwongo.

Hakuwa mwongo. Huku kwetu watu hunywa malwa, pombe ya ulezi, chungu kimoja katikati, mirija mirefu, na kila kikipungua yanaongezwa maji ya moto. Bia unahesabu chupa. Malwa utahesabu nini? Mtu anatoka pale saa sita usiku akiamini kapata kidogo, analala kwa muda wa saa tano, anaamka kichwa kikavu, anashika usukani. Mwili huondoa pombe polepole, chupa moja ya bia huchukua kama saa mbili au zaidi, na kahawa, ndimu au maji baridi ya kuoga haviuharakishi. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba mlevi ananuka na anapepesuka. Vipakiti vya waragi, ile pombe kali, vilipopigwa marufuku mwaka 2019 nilidhani hata nusu ya tatizo imekwisha. Vipakiti viliondoka, kiu haikuondoka.

Basi yule dereva nilimfukuza palepale getini, bila kumsikiliza. Nikaitwa ofisi ya kazi nikafundishwa kwamba Sheria ya Ajira ya 2006 inataka mtu asikilizwe kabla ya kuachishwa, hata kama bosi ana hasira. Nililipa. Kilichoniuma zaidi nilikiona baadaye: wale waliobaki walijifunza kunificha. Hakuna aliyethubutu tena kuniambia anaumwa, amechoka, amemeza kidonge. Kila mtu alikuwa "mzima kabisa, Hajati." Nami nikanunua mashine, nikaning'iniza daftari getini, kila anayetoka anapuliza, naandika namba. Nilijivuna! Nilipiga hata picha nikaituma kwenye kundi la wenye malori.

Sasa sikilizeni usiku wenyewe.

Mzigo ulikuwa mifuko 600 ya saruji, tani 30, kwenda Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Kupitia Mbale, Soroti, Lira, Kamdini na Gulu ni karibu kilomita 500. Dereva aliamka saa kumi na moja alfajiri akawahi foleni ya kupakia. Foleni ilikuwa mbaya siku hiyo, akapakia jioni. Akaja getini saa mbili usiku, akapuliza: sifuri. Nikaandika sifuri, nikamwambia mteja anataka saruji asubuhi, na kwamba akifika kabla ya saa mbili kuna laki moja yake pembeni. Akacheka. Alikuwa anapenga mafua.

Nilimpigia Mbale. Nikampigia Soroti. Nikampigia akikaribia Lira, na hapo nilimwuliza mbona anatembea kama anasindikiza bibi harusi. Saa tisa usiku, katikati ya Lira na Kamdini, lori liliacha barabara likalala mtaroni. Dereva alitoka na michubuko. Tanboi wake, yaani msaidizi wake garini, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alikatwa mguu chini ya goti.

Nilifika kituo cha polisi na daftari langu kwapani. Ndiyo, na daftari. Nilimwonyesha afande: tazama, nilimpima mwenyewe, dereva wangu hakuwa mlevi. Afande alilitazama akalifunga taratibu. "Hajati, amelewa usingizi huyu."

Neno hilo nimelisikia maisha yangu yote. Mtoto akiamshwa usiku akagonga mlango tunasema amelewa usingizi. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeniambia tangu utotoni kwamba kulewa si pombe peke yake, na mimi nikaenda Kampala kununua mashine inayojua pombe peke yake.

Piga hesabu nami. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa tisa usiku ni saa 22 macho wazi. Watafiti walishawapima watu wa namna hii: ukikaa macho saa 17, unaitikia mambo kwa uzito wa mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika kila mililita 100 za damu. Ukifika saa 24, ni kama miligramu 100. Kiwango cha jumla ambacho sheria yetu inamtia dereva hatiani ni 80. Kwa hiyo mtu wangu aliyepata sifuri getini alikuwa, kwa akili na mikono, amekaribia kuuvuka mstari wa mlevi au ameshauvuka. Na aliyemvusha ana daftari na kalamu.

Mimi ile siku ya foleni nilikuwa nimeihesabu kuwa mapumziko. "Si amekaa tu?" Hamjakaa kwenye foleni ya saruji nyie. Unasogea mita tano, unazima, unasogea mita tano, mwenzio anataka kukuchomekea, jua linakupiga utosini. Hakuna usingizi pale.

Na kulikuwa na zaidi. Mafua yale alikuwa ameyanunulia piriton dukani, vidonge viwili mchana na viwili jioni. Piriton inaleta usingizi, kila mama aliyempa mtoto anajua. Alipoona macho yanafunga akanunua mairungi, yaani miraa, Soroti akaanza kutafuna. Mairungi hayakuondolei uchovu, yanakukopesha tu. Ukiwa na majani shavuni unajiona simba, yakiisha deni linadaiwa lote kwa mkupuo, na mara nyingi linadaiwa usiku wa manane kwenye barabara iliyonyooka. Mambo haya yote alinieleza hospitalini, analia, ananiomba msamaha. Ananiomba mimi! Mwenye ile laki moja, mwenye zile simu tatu.

Bima niliyokuwa nayo ilikuwa ya kulinda watu wengine tu, ile kubwa ya kulinda na gari langu niliiona ghali. Niliuza kiwanja changu cha Mbale. Na kwenye kundi lile lile nililotuma picha ya mashine, mtu mmoja aliandika, "Tulisema." Sijamjibu mpaka leo, ila nimelihifadhi neno lake.

Basi, kijana wangu wa Mbale, na nyinyi wenzangu mnaolipa watu kuendesha magari, boda za kupeleka mizigo, mabasi ya shule, pikapu za hospitali: tuache kujidanganya. Tukisikia "dereva mlevi" tunamwona mtu wa kafunda, kibaa cha mtaani, na chupa, tunasema hilo ni la polisi. La dawa hatuulizi. La usingizi tunalinunua wenyewe kwa fedha taslimu. Tunamsifu anayekwenda na kurudi bila kulala, tunamwita mwanamume, halafu akianguka tunasema pepo mchafu wa ile kona. Pepo gani? Pepo ana namba ya simu, na anapiga kila baada ya saa mbili kuuliza "umefika wapi?"

Sheria ya Ajira inataja saa 48 za kazi kwa wiki. Chukua karatasi umhesabie dereva wako wiki hii, foleni ikiwemo. Mimi nilipomhesabia wa kwangu aliyeanguka, alikuwa amezimaliza siku ya nne.

Mnataka niwaambie nifanyavyo sasa. Ni kidogo, na si elimu ya juu. Mashine ninayo bado, na kwangu ni sifuri, sitaki habari za 80. Lakini kabla ya kupuliza naketi na dereva kwenye benchi, nauliza: umelala saa ngapi? Umemeza nini? Nyumbani kuna nini? Mwanzoni walijibu "mzima kabisa, Hajati." Ilichukua miezi. Walianza kusema kweli siku dereva mmoja aliponiambia ana homa na ametumia dawa, nikamrudisha nyumbani na nikamlipa siku nzima, na wengine wakaona. Ongeeni na madereva wenu. Aliyekaa foleni mchana kutwa haondoki usiku, analala, mzigo unangoja. Laki ya kuwahi nimeifuta. Simu za usiku nimeziacha, ingawa namba ninazo na vidole vinawasha. Na tena nasema, ongeeni nao. Bosi anayeogopwa huambiwa uongo, na uongo hupanda kwenye kiti cha dereva.

Tanboi wangu anafanya kazi kwangu, ndiye anayeshika daftari. Kila gari likitoka anatazama macho ya dereva kuliko anavyotazama mashine.

Mwezi uliopita, saa tano usiku, simu iliita. Dereva yuko Soroti. "Hajati, macho yananizidi, nimeegesha, nalala." Mteja alikuwa ameshanipigia mara nne. Nilinyamaza kidogo, nikiri hapo, ulimi ulishakunjwa tayari kusema jitahidi. Nikamwambia alale. Saruji ilifika Elegu saa tisa alasiri, mteja akanikata laki mbili. Nimezihesabu mara nyingi zile laki mbili, na bado zinaniuma.