Upepo wa Kusi, Sweta na Mapipa ya Maji

Masika yamekwisha, kipupwe ndicho hiki, na kila asubuhi langoni mwa shule yetu hapa Mombasa nasimamishwa na mzazi mwenye swali. Mengine huja usiku kwenye simu. Nimeyachagua yanayojirudia nikayajibu hapa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si daktari, kwa hivyo mtoto aliyezidiwa apelekwe hospitali bila kungoja jibu langu.

*Mwalimu, mwanangu wa gredi ya pili amepigwa na upepo, mafua hayamwishi. Nimkataze barafu? Na je, nimnunulie antibayotiki? – Mama, Kongowea*

Mama, upepo umesingiziwa miaka mingi. Mafua huletwa na virusi, navyo hupita kwa chafya, kamasi na mikono. Kinachobadilika msimu huu ni sisi wenyewe: manyunyu yakianza tu, madirisha yanafungwa, na darasa zima linavuta pumzi ileile tangu asubuhi. Darasani kwangu dirisha halifungwi ila mvua ikiingia hadi kwenye madaftari. Wapo wazazi walionilalamikia kwa hilo, na bado sifungi.

Barafu ya ukwaju haina hatia kwenye mafua. Kwenye meno, hayo ni mengine. Antibayotiki huua bakteria, haziui virusi, kwa hivyo usizinunue kwa kukisia. Mpe vinywaji kwa wingi, na tangawizi yenye asali akiipenda, ila asali hiyo asionjeshwe mdogo wake ambaye hajatimiza mwaka. Kumfukiza chini ya shuka na sufuria ya maji yanayochemka, tafadhali acha: sufuria ikipinduka, mafua yatakuwa ndiyo shida ndogo.

Akiwa anacheza na hana homa, mlete na hanchifu yake. Akiwa na homa, abaki nyumbani. Mwenye pumu aje na inhela yake mkobani, na mwalimu wa darasa aambiwe. Kwa walio na wadogo nyumbani: mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika hali ametulia, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta pumzi, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

*Sweta lazima liwe la rangi ya sare? – Baba, Majengo*

Ndiyo, ila likiwa limelowa au bado halijanunuliwa, mvalishe lolote alilonalo. Sitamrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya rangi. Tena usiku wa Julai hapa kwetu ni karibu nyuzi 20, si baridi ya kumvika mtoto koti zito akaja kutoka jasho ifikapo saa nne.

*Tunalala ndani ya neti sote. Binti yangu alishikwa na homa kali, kichwa na macho vikimuuma. Akapimwa malaria, hana. Ni nini basi? – Baba, Kisauni*

Swali hili ndilo ningependa lisomwe na kila nyumba. Jibu la ugonjwa litoke kwa daktari, lakini mjini mwetu homa isiyo malaria yafaa ifikiriwe dengue pia, ile ambayo Watanzania huiita kidingapopo. Tumepata milipuko yake zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa 2017 hadi 2018 tulipigwa pia na chikungunya, jina lililotoka kwa Wamakonde na kubeba maana ya kujikunja, na aliyeugua viungo vyake anaelewa kwa nini.

Maradhi hayo mawili huenezwa na mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, yaani watoto wakiwa darasani au madrasa. Neti ya usiku, ambayo msiiache kwa sababu ya malaria, haimzuii. Wala hahitaji mtaro mchafu: hupenda maji safi yaliyotulia. Sasa fikiria mji wetu, mifereji inayokauka siku kadhaa, na kila ua lina pipa, jeri na ndoo zilizojazwa siku maji yalipotoka. Tumemwekea mbu nyumba wenyewe.

Kufunika pipa ni nusu ya kazi. Mbu huyu hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji bila kusugua, mayai yamebaki yakingoja ujazo mwingine. Kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10, kwa hivyo sugua kwa brashi ukutani mwa chombo mara moja kwa wiki, siku ileile. Nyumbani kwangu ni Jumamosi, na watoto hushindana nani ataona viluwiluwi kwanza. Msisahau sahani za chini ya maua, matairi na vifuu vya nazi nyuma ya nyumba. Shuleni nasi tumeanza na matangi yetu.

Tukirudi kwa binti yako: mtoto mwenye homa ya namna hii asipewe aspirini wala ibuprofeni, kwani zinaweza kuzidisha hatari ya kuvuja damu. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na maji mengi. Na mwangalie zaidi homa inaposhuka, maana hapo ndipo wengine hubadilika: tumbo kuuma sana, kutapika bila kukoma, fizi kutoa damu, kulegea. Ukiona hata moja, usingoje kukuche.

*Kwa nini siku hizi watoto wanatoka nyumbani giza bado? – Nyanya, Likoni*

Nyanya, macho yako hayajakosea. Julai jua hutuchomozea karibu saa kumi na mbili na nusu, ilhali Novemba huwa limeshatoka kabla ya saa kumi na mbili kamili. Kengele ya shule haijui hayo. Watoto watembee kwa makundi hadi stejini, na wanaovuka kwa feri wafuatane na mtu mzima.

*Shule zikifungwa Agosti tunakwenda kwa shangazi yao Limuru. Tuwaandalie nini? – Mama, Changamwe*

Soksi, kofia na sweta mbili, maana Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na watoto wetu hawajazoea. Lakini kinachonitia hofu ni jiko la makaa. Huku kwetu hupikia uani. Kule baridi ikibana, mtu huliingiza chumbani akafunga mlango watu walale. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, kisha usingizi ambao mtu haamki. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata likionekana limezimika. Mwambie shangazi kwa adabu, lakini mwambie.

*Wavulana wa gredi ya sita hupitia baharini wakitoka shule. Niwakataze? – Baba, Ganjoni*

Wakataze, na uwaeleze sababu. Kusi ikivuma bahari huchafuka, hata wavuvi wenye vyombo vidogo hupunguza safari, ndiyo maana samaki wamepanda bei. Pale chini ya bustani ya Mama Ngina ni kubaya zaidi: meli za kwenda bandari ya Kilindini hupita karibu na miamba, nawe wajua meli haipiti penye maji ya magotini. Wiki hii mwalimu wa zamu atasimama njia panda hadi saa kumi na moja jioni. Nani kati yenu wazazi atakuja kumsaidia Alhamisi?