Mtoto wa kaka yangu anawawinda wanaorubuni watoto

SWALI

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Uingereza kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na ninaishi na mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 24. Usiku hujifanya msichana wa miaka 13 katika mitandao ya kutafuta marafiki, akangoja wanaume waanze kumchombeza, kisha yeye na wenzake humfuata mhusika mahali pa miadi au mlangoni kwake na kumrusha mubashara. Wiki tatu zilizopita walimkuta mwanamume mmoja wa mtaa wetu kwenye maegesho ya duka. Alikuwa ameshika mfuko wenye mkate na maziwa, na kwa dakika zote 40 hakuuweka chini, huku vialama vya mioyo na vicheko vya watazamaji vikipanda pembeni mwa kioo cha simu. Polisi walimchukua, ila hajashtakiwa bado. Kijana aliniambia, "Shangazi, sambaza, watu wamjue." Sikusambaza, naye amenuna. Mtu huyo ana binti anayesoma darasa moja na binti yangu, na siku hizi hakuna anayeketi naye wakati wa chakula. Binti yangu ameniuliza kama anaruhusiwa kukaa naye. Je, nilikosea kukataa? Na huyu kijana nimwambie aache?

Shangazi mtu, Uingereza

JIBU

Dada yangu, hukukosea. Hata hivyo, usimwendee kijana wako kana kwamba anacheza, kwa sababu hoja yake ina uzito na yeye mwenyewe anaujua uzito huo. Takwimu ambazo BBC ilizipata kwa polisi zilionyesha kwamba, kati ya mashtaka 259 ya mwaka 2016 ya kukutana na mtoto baada ya kumrubuni, 114 yalitumia ushahidi wa makundi kama la kwake. Julai 2020, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa rufaa ya mwanamume aliyenaswa huko Scotland na kundi lililojifanya mvulana wa miaka 13, ikaamua kwamba mtu hawezi kujikinga kwa haki ya faragha kwa ujumbe wa namna hiyo aliomwandikia anayemdhania kuwa mtoto. Ukimwambia kwamba kazi yake haina faida yoyote, atakuonyesha hayo yote, na mazungumzo yenu yatakuwa yameishia hapo.

Swali lililokuwa mbele ya majaji hao lilihusu ujumbe kutumika kama ushahidi. Kumsimamisha mtu dakika 40 kwenye maegesho ili maelfu wamcheke si jambo walilolipa baraka, na hapo ndipo ninapoachana na kijana wako. Ushahidi ulikuwa umekwisha kukamilika kabla hawajatoka nyumbani, kwa kuwa mazungumzo yote yalikuwa ndani ya simu yake. Angeweza kuyapeleka polisi jioni ile ile. Kilichoongezwa na kamera ni tamasha tu, na tamasha hilo lina gharama ambayo nadhani hajaipigia hesabu.

Yule msichana wa miaka 13 hayupo duniani. Yeye ni kijana wako aliyekesha kitandani akiandika ujumbe. Lakini anayemwandikia mtoto wa kubuni huenda anamwandikia na mtoto wa kweli, katika simu hiyo hiyo au katika kompyuta iliyobaki nyumbani, na mtoto huyo ndiye polisi wanayepaswa kumfikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Sasa fikiria mshirika wa mtuhumiwa anayetazama matangazo akiwa sebuleni kwake, au mtuhumiwa wa kesho aliyesikia kwamba kundi liko nje ya geti. Dakika kumi zinatosha kufuta picha, kuvunja simu na kumtisha mtoto asiseme. Matangazo humpa mkosaji onyo ambalo upekuzi wa ghafla usingempa.

Halafu kuna suala la kukosea mtu. Sisi tuliokulia kwetu tunajua ukelele wa "mwizi!" unavyofanya kazi: anayeupiga haulizwi jina, na tairi hufika kabla ya maelezo. Usidhani Ulaya wamesalimika. Mwaka 2013, mjini Bristol, mwanamume mlemavu mzaliwa wa Iran aliwapiga picha vijana waliokuwa wakiharibu maua yake, ili apate ushahidi wa kuwapa polisi. Majirani wakavumisha kwamba anawapiga picha watoto kwa nia chafu. Polisi walimkamata huku watu wakishangilia, kisha wakamwachia kwa kuwa hawakumkuta na kosa lolote. Siku chache baadaye jirani alimpiga hadi kufa na mwili wake ukachomwa moto. Hakuwa amemgusa mtoto yeyote.

Na hata anayeonekana dhahiri kuwa na hatia anaweza kuponyoka kwa sababu ya kamera. Novemba 2006, katika jimbo la Texas, Marekani, kituo cha televisheni cha NBC kiliandaa mtego pamoja na kundi la wawindaji na polisi. Zaidi ya wanaume 20 walikamatwa, lakini mwendesha mashtaka wa eneo hilo alikataa kuwashtaki kwa kuona kwamba kesi hazitasimama. Mwingine, ambaye hakuwa amekwenda kwenye miadi, alijipiga risasi polisi walipoingia nyumbani kwake, na kamera zilikuwa nje.

Kwa hiyo usimwambie aache kuchukia uovu huo. Mwombe aifute video ile leo, maana kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 kuhusu kuidharau mahakama, kesi huhesabiwa kuwa hai tangu mtu anapokamatwa, na anayechapisha jambo la kuvuruga haki kwa kiasi kikubwa anaweza kushtakiwa yeye. Mazungumzo yote ayakabidhi polisi kwa namba 101, au 999 kama kuna mtoto aliye hatarini sasa hivi. (Wasomaji wetu wa Tanzania na Kenya wanayo namba 116, ya bure.) Kisha mwulize, mkiwa wawili na bila hasira, kama angeendelea kukesha iwapo hakuna atakayemtazama. Mwache alijibu swali hilo polepole. Ukipata nafasi, mkumbushe pia kwamba wengi wanaowadhuru watoto ni watu ambao watoto hao wanawafahamu: mjomba, mwalimu, jirani anayeletewa sahani ya futari. Huyo hanaswi kwa akaunti ya kubuni. Hugunduliwa na mtu mzima aliyemsikiliza mtoto.

Kuhusu binti yako, mruhusu akae naye. Nyumbani kwao asiende mpaka polisi na maofisa wa ustawi wa jamii wamalize kazi yao, na sababu umweleze kwa maneno anayoyaelewa. Ila pale mezani shuleni, akae naye kuanzia kesho, na ukimfungia chakula, mfungie cha watu wawili.