Muulize Fundi: Trela ya mahamri

Wiki hii barua tatu, moja ndefu na mbili za haraka haraka. Ile ndefu ndio imenila nafasi yote, mtanisamehe.

SWALI: Asalam aleikum fundi. Mi ni mama wa watoto watatu nakaa Mtopanga hapa Mombasa, naamka saa tisa usiku nakaanga mahamri na mbaazi iko jikoni, ikifika saa kumi na moja alfajiri nshatoka naenda kuuzia watu wa kazini upande wa Buxton. Usafiri wangu ni baiskeli ya kawaida tu, ile mume wangu alikuwa akiendea kazini kabla hajanunua pikipiki, haina gia, breki zake ni zile za vyuma virefu. Mzigo wote uko juu ya keria umefungwa mpira: ndoo ya mbaazi lita 10, thamosi mbili za chai za lita 5, na beseni la mahamri kama 150 hivi. Juzi niko juu ya daraja la Nyali upepo ukanipiga ubavuni, baiskeli mbele nyepesi nyuma nzito, ikalala. Mbaazi yote ikawa lamini na wenye matatu wananipigia honi tu. Sasa nataka trela ya kuburura nyuma. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani aniambia atachomea chuma moja kwa moja kwenye keria, jirani yangu naye asema ifungwe kwenye bomba la siti. Nimsikize nani? Na baiskeli kama hii itaweza kweli? – Mama Mahamri, Mtopanga

JIBU: Waaleikum salaam mamangu, na pole kwa mbaazi, manake ile nazi umeikuna mwenyewe kisha inakuja kunywewa na lami, inauma.

Baiskeli itaweza. Nimepiga hesabu ya mzigo wako: mbaazi kilo 10 na kitu, chai 10, mahamri tuseme 9, vyombo vyenyewe kama 6, yaani kilo 35 hivi. Trela nyingi za ng'ambo za magurudumu mawili huandikwa mwisho kilo 40 au 45, kwa hivyo uko ndani. Na hizi baiskeli zetu za chuma hazina gia lakini fremu yake ni ngumu kuliko nyingi za rangirangi zilizojaa madukani saa hii.

Sasa hao washauri wako. Huyo wa keria usimsikize kabisa, na nasema hivi kwa sababu mi mwenyewe nshawahi kuwa yeye. Zamani nikiwa kijana nilitengeneza trela kwa chuma cha kitanda kibovu nikaichomea kwenye keria, nikaenda nayo Kongowea nikapakia embe. Kufika Kengeleni nasikia tak! Mguu mmoja wa keria umekatika pale unaposhika fremu, trela ikavuta upande, na mguu wa pili ukafuata. Baiskeli ikaenda zake mimi juu yake, embe zikabaki barabarani na watoto wa shule walikuwa wanapita, nilirudi nyumbani na embe nne. Keria imeundwa kubeba uzito unaokandamiza chini, haikuundwa kuvutwa na kusukumwa mbele nyuma kila ukikanyaga pedali, na imeshikwa na vibolti vyembamba vya milimita 5 au 6. Na ukishachomea moja kwa moja hakuna kitu kinacheza, ukilaza baiskeli kukata kona trela nayo yataka kulala, haiwezi, basi kitu fulani kitavunjika tu.

Jirani yako wa bomba la siti hajakosea sana, kuna trela zinafungwa hapo. Ila ni juu mno kwa mzigo wako. Ukifunga breki zile kilo 35 zinakuja kukusukuma, na zikikusukuma kwa juu, karibu na makalio, zinaipindua baiskeli upande kwa urahisi. Zikisukuma kwa chini, usawa wa ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu la nyuma, baiskeli inatulia. Kwa hivyo funga kwenye ekseli, upande wa kushoto ambako hakuna cheni.

Namna yake ni hii. Ekseli ya baiskeli yako ni ile nzima yenye nati huku na huku, spana namba 15 mara nyingi ndio inaingia. Fundi akukatie kibapa, yaani kipande bapa cha chuma cha unene wa milimita 4, atoboe tundu la kupita ekseli, kikae nje ya fremu, kisha washa, kisha nati. Hapo mwangalie kwa macho yako: nati ikishakazwa lazima uzi wa ekseli ujaze nati yote, ikiwezekana uchungulie nje kidogo. Kama nati imeshika uzi mbili tatu tu, basi ekseli ni fupi, mwambie atie ndefu, si pesa nyingi. Na kama stendi yako ni ile ya mguu mmoja wa kushoto itagombana na mkono wa trela, kile chuma kirefu kinachotoka kwenye trela kuja kwenye baiskeli, weka ile ya miguu miwili.

Kiungo chenyewe ndio roho ya kazi yote, na ndipo mafundi wengi wanapopuuza. Lazima kicheze namna tatu: kushoto na kulia ukikata kona, juu na chini ukipanda tuta, na kujipinda baiskeli ikilala ilhali trela imesimama. Watu wengine hutumia tairodi ya gari, ile ya usukani yenye kichwa cha mviringo, na kweli inazunguka vizuri lakini kujipinda kwake kuna mwisho, siku baiskeli ikianguka kabisa kitakunjika kibapa au mkono. Mi napenda hivi: kibapa kishike bolti moja ya kusimama ya milimita 10 kwa ajili ya kona, kisha kati ya hapo na mkono wa trela pawe na kipande cha mpira wa presha, ule mnene wenye nyuzi ndani, kama inchi 3 ziwe wazi na kila upande upigwe bolti inayopita ndani kwa ndani. Nati zote ziwe zile za kujifunga zenye plastiki ndani, manake barabara ya Kisauni hufungua nati kushinda spana. Halafu, na hili usiache hata ukiwa na haraka, pitisha mkanda wa mzigo kutoka mkono wa trela uzunguke lile bomba la chini la fremu linaloenda kwenye gurudumu la nyuma. Mpira ukikatika siku moja, trela inabaki na wewe haiendi kumtafuta mtu wa tuktuk.

Trela yenyewe: skwea tyubu (bomba la pembe nne) ya inchi moja, sio anglaini (chuma cha umbo la L), anglaini ni nzito na inajikunja. Chini plaiwudi. Upana wa nje usizidi sentimita 65, hapo inazidi hendeli yako kidogo tu, hendeli ikipita na nafasi kidogo huku na huku, na trela imepita. Magurudumu mawili ya baiskeli ya watoto, inchi 20, na kila moja lishikwe pande zote mbili na chuma. Narudia, pande zote mbili! Fundi atataka kukwepa achomee ekseli upande mmoja tu ndio amalize haraka, na ekseli ya baiskeli haikuundwa kuning'inia hivyo, baada ya mwezi magurudumu yatakuwa yamelala kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Kabla ya rangi ipigwe redioksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, hasa pale palipochomelewa, hewa yetu hii ya chumvi inaanzia hapo hapo kula.

Kupakia. Ndoo ya mbaazi ikae mbele kidogo ya ekseli ya trela, thamosi zikae katikati, mahamri nyuma kwa kuwa ni mepesi. Kisha kaazime mizani ya ndoano kwa muuza samaki, ning'iniza ncha ya mkono wa trela ikiwa usawa wa ekseli ya baiskeli, mzigo wote uko ndani. Isome kati ya kilo 2 na 4. Ikisoma sifuri au mkono wataka kupaa wenyewe, mzigo uko nyuma sana, sogeza. Na mbaazi tafadhali iwe na mfuniko wa kukaza, mchuzi ukianza kucheza ndani ya ndoo trela nayo inacheza.

Sasa la kusimama, ambalo hukuniuliza. Umewaona wale wa mikokoteni pale Kongowea, wamefunga tairi kuukuu nyuma, akitaka kusimama ananyanyua mbele na tairi linasugua lami. Ule mzigo wana pa kuuzuilia. Wewe unao zile breki za vyuma tu, na rimu ya chuma ikilowa maji breki ni kama haipo, hasa masika. Badilisha vipande vya mpira vya breki vyote vinne kabla ya kuanza. Ukianza kuteremka daraja finya mapema, kidogokidogo, baiskeli ikiwa imenyooka, usingoje ufike kwenye kona ndio ufinye, ukifinya ndani ya kona trela itakupita ubavuni. Mvua ikinyesha shuka usukume, hakuna aibu. Siku za kwanza usiweke mbaazi, weka mtungi wa lita 20 uliojaa na mwingine wa lita 15, ni kilo zilezile, nenda kiwanjani asubuhi uzunguke na kusimama mpaka mkono uzoee.

Kupanda je? Hesabu meno ya friweli, ile duara ya meno ya cheni kwenye gurudumu la nyuma. Kama ni 18, tafuta ya meno 22 na uongeze cheni kidogo, utaenda polepole lakini utapanda daraja bila kushuka. Na kwa vile watoka giza, taa mbele, taa nyekundu nyuma ya trela yenyewe (sio ya baiskeli, hiyo itafichwa na beseni) na rifleka mbili kwenye pembe zake, manake dereva akiona taa moja hudhani ni baiskeli tupu akakupita karibu.

SWALI: Fundi trela yangu nikishika kasi inapiga nyoka huku na huku, nabeba mitungi minne ya maji. Shida ni nini? – Kijana wa Likoni

JIBU: Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80 kaka, hiyo ni kazi ya mkokoteni. Toa miwili. Miwili inayobaki isogeze mbele ya ekseli, kisha shika kila gurudumu la trela ulitikise, likicheza beringi zimelegea. Pia pima nafasi kati ya magurudumu kwa mbele na kwa nyuma, ikitofautiana hayaangalii njia moja na yatapiga nyoka hata ukibeba pamba.

SWALI: Naweza kumpakia mwanangu wa miaka mitatu kwenye trela ya mzigo nikienda sokoni? – Baba Swaleh, Bamburi

JIBU: Hapana. Trela ya mtoto ina mikanda ya kumfunga na vyuma vya kumkinga ikipinduka, ya mzigo haina. Mwachie nyanyake, sokoni hutachukua muda.