Maswali na majibu: kuunganisha nyavu za mabamba kwenye modeli kubwa

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaopima uimara wa trela na mabodi ya mabasi kwa mbinu ya elementi finiti, yaani kukigawa kitu kwenye kompyuta kuwa wavu wa vipande vidogo (elementi) vinavyokutana kwenye pointi ziitwazo nodi.

Fremu ya trela yangu ina mabamba ya milimita 12 na 8. Nilipobakiza nyuso za kati tu (uso unaopita katikati ya unene wa kila bamba), mabamba yaliyokuwa yamegusana yakaacha mwanya. Niyavute yakutane?

Inategemea yamechomelewaje. Bamba la wima likisimama juu ya lile la milimita 12 lililolala, mwanya ni milimita 6, yaani nusu ya unene wa la chini. Hapo refusha la wima hadi uso wa kati wa mwenzake, nodi ziwe za wote wawili. Uzito unaoongezeka ni mdogo.

Yakiwa yamelaliana mambo ni mengine. Nyuso zake za kati zimeachana milimita 10, na umbali huo ni wa kweli, usiufute. Uwezo wa fremu kukataa kupinda hukua kwa mraba wa umbali wa bamba kutoka mhimili wa katikati. Ukiyasogeza utakuwa unapima trela nyingine. Uache mwanya, uunge kwa viungo vigumu au elementi za weldi kwenye mstari wa weldi peke yake, kwa sababu katikati ya mabamba hayo hakuna kilichoshikana.

Amri ya kuunganisha nodi zinazokaribiana niipe umbali gani?

Anza na sehemu ya kumi ya ukingo mfupi kuliko yote. Ukipita urefu wa ukingo huo, elementi zitajikunja na kupotea. Kisha tazama mchoro wa kingo huru, yaani kingo zisizoungana na elementi nyingine: mstari ukitokea penye weldi, bado hapajaungana. Kagua na kinyume chake. Mlango na fremu yake vinagusana bila kuchomelewa, na amri hiyo itavigandisha bila kukuuliza.

Nyavu za mabamba mawili hazilingani. Ni lazima nichore upya?

Si lazima. Funga nodi za wavu wenye elementi ndogo kwenye uso wa ule wenye elementi kubwa. Hakikisha kifungo kinabeba na mzunguko, la sivyo ukingo utakuwa bawaba. Nodi zilizo mbali kuliko umbali uliouweka huachwa nje, na mara nyingi programu hutoa onyo tu kisha ikaendelea, kwa hiyo soma maonyo yote. Pale unapotafuta mkazo wa uchovu wa weldi (ule unaoipasua kwa mizigo inayorudiarudia), chora nyavu zinazolingana. Mkazo ulio jirani na kifungo cha namna hii hauaminiki.

Hesabu imeisha bila kosa lolote. Je, nimeunganisha kila kitu?

Bado hujajua. Ondoa vishikizo vyote (pale ulipoizuia modeli isisogee) uombe modi za mtetemo, yaani namna kitu kinavyotikisika chenyewe. Kitu kizima kinachoelea kina modi sita zenye masafa ya karibu sifuri: kusogea kwa njia tatu na kuzunguka kwa njia tatu. Ukipata saba au zaidi, kuna kipande kilicholegea au bawaba usiyoikusudia. Chezesha picha ya modi hizo polepole, utaona mabano fulani yakizunguka peke yake huku basi zima limetulia. Zikipungua sita, kuna mahali umesahau kishikizo. Mimi sikubali kuangalia rangi za mkazo kabla ya jaribio hili, hata kazi iwe ya haraka namna gani.

Baadaye rudisha vishikizo, weka uzito wa modeli peke yake, ujumlishe nguvu za vishikizo. Jumla isipolingana na uzito, usiendelee.

Bolti je?

Boriti fupi katikati, na miguu inayoishika kwenye nodi za ukingo wa tundu kila upande. Miguu migumu hulizuia tundu lisibadilike umbo, kwa hiyo usiamini mkazo wa elementi zinazolizunguka. Miguu ya kugawa mzigo haiongezi ugumu, lakini tundu litalegea kuliko lilivyo chini ya kichwa cha bolti iliyokazwa.