Anasoma au amekariri? Majibu kwa wazazi wa darasa la kwanza na la pili

Mwalimu, mwanangu wa darasa la kwanza anasoma ukurasa mzima bila kukwama. Juzi nimemwandikia neno "kata" kwenye karatasi, akabaki ananitazama. Au ni macho? (Mama, Tandika)

Macho mpeleke yakapimwe, hakuna hasara. Ila mimi nahisi ukurasa ameukariri. Darasani wanausoma kwa sauti wote pamoja, picha inamkumbusha mstari, mdomo unaendelea wenyewe. Wengi hupita hapo. Mjaribu: ziba picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe neno lililo katikati ya mstari. Akirudi mwanzo wa mstari ili alifikie, umeshapata jibu.

Dawa yake ni silabi. Chukua boksi tupu, kata vipande, andika ka, ta, ma, pa, na. Apange mwenyewe: kata, taka, pata, kamata. Halafu mpangie neno lisilo na maana, kwa mfano "patana" ukiligeuza likawa "natapa" au "panata", alisome. Atacheka, lakini hapo hana pa kukariri, lazima asome.

Na tafadhali, msianze na kuimba "a, be, che, de". Mtoto aliyezoea kuiita herufi "be" akiiona mbele ya "a" anakusomea "bea". Mfundishe inavyolia, siyo inavyoitwa. Irabu zetu ni 5 tu na hazibadiliki sauti, kwa hiyo akishashika namna ya kuunganisha, atasoma hata neno asilolijua. Mb, nd, mw na ile ng' inayowasumbua hata wakubwa, zisubiri. Dakika kumi kila siku zinatosha. Akianza kupiga miayo, funga boksi lako.

Wa kwangu yuko la pili, bado anahesabia vidole. Namkataza, analia. (Baba, Gongo la Mboto)

Usimkataze, mzee. Vidole ataviacha mwenyewe akipata njia iliyo fupi zaidi, na kumwonyesha hiyo njia ndiyo kazi yako. Tafuta vijiti au vizibo vya soda. Kila vikifika kumi, afunge fungu kwa mpira au avitenge. Ukimwuliza 8 kujumlisha 5, achukue viwili kwenye vile vitano akamilishe kumi, vinabaki vitatu. Kumi na tatu. Lugha yenyewe imeshamsaidia, maana "kumi na tatu" ni fungu moja na vijiti vitatu, kama anavyoviona sakafuni.

Baadaye mtume gengeni. Mpe noti ya 1,000 akanunue nyanya na vitunguu vya 700, ila kabla hajavuka kizingiti akuambie chenji atakayorudi nayo. Mtoto anayejua kwamba 300 ikizidi anaweza kuombea ubuyu, hesabu huwa inamwingia haraka.

Mjukuu wangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Mama yake anasema nimwache, mimi naona ni kukosa adabu. (Bibi, Kigamboni)

Shikamoo, bibi. Kula na kupokea kitu kwa mkono wa kulia ni adabu zetu, endelea kumfundisha. Kalamu ni habari nyingine. Ukimlazimisha, mawazo yote yanahamia mkononi na herufi anazisahau. Ailaze daftari kidogo kuelekea kulia ili mkono usifunike anachoandika. Na mama yake amwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto. Dawati la watoto watatu, akikaa katikati viwiko vinagongana siku nzima, halafu anaambiwa mchokozi.

Anatoka shule saa saba, anaingia tuisheni mpaka saa kumi na moja. Anachoka. Nimtoe? (Mzazi, Mbagala)

Mtoe. Mtaala wa madarasa haya mawili ulipopangwa upya mwaka 2015, uzito uliwekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ili mtoto asirundikiwe masomo mengi. Sasa sisi tunayarundika mchana. Mwache acheze rede na mdako. Kudaka kete huku jiwe liko hewani kunalainisha vidole vitakavyoshika penseli, na huko ndiko anakojifunza kusubiri zamu. Najua wapo wasio na mtu nyumbani mchana, na kwao tuisheni ni mahali pa kumwacha mtoto. Hilo nalielewa, ila basi mwombe anayewashika awaache wacheze.

Nyumbani hatuna kitabu hata kimoja. (Mama, Kimara)

Mnavyo kibao. Pakiti ya unga, kanga ya mama, mabango ya maduka. Mkipanda mwendokasi kwenda Kivukoni, asome majina ya vituo: Manzese, Kagera, Mwembechai, Jangwani. Ila iwe siku mliyopata kiti. Asubuhi ya Jumatatu, akiwa amebanwa mlangoni, mwacheni apumue.