Niiuze Browning yangu?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfanyabiashara, nina leseni ya silaha. Nilinunua kwa muuzaji aliyesajiliwa bastola ya Browning Hi-Power ya zamani, iliyotengenezwa Ubelgiji. Kwenye uwanja wa shabaha inakwama: risasi hupanda nusu, pua ikagota chini ya mtutu. Tena nikibonyeza kitufe, magazini (kasha la risasi) haidondoki mpaka niivute kwa vidole. Wenzangu wenye bastola za Glock wananishauri niiuze. Niiuze?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiuze. Nimezitengeneza bastola hizi miaka mingi jeshini, na ikitunzwa sioni cha kukutia hofu.

Magazini kutodondoka si ubovu. Ndani ya Hi-Power kuna kipini kilichoshikana na kifyatulio, nacho hukandamiza uso wa mbele wa magazini. Kimewekwa ili bastola isilie magazini ikiwa nje, na msuguano wake ndio unaoizuia kudondoka. Atatokea mtu akwambie akitoe ili kifyatulio kiwe laini. Mkatalie kabisa. Lakini pia usikitegemee: kila ukitaka kuisafisha, toa magazini, vuta slaidi (sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma), itazame chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu) kwa macho, kisha iguse kwa kidole.

Tuje kwenye kukwama. Mimi ningeanza na risasi unazotumia. John Browning, mbunifu wake, alifariki mwaka 1926 kabla hajaikamilisha bastola hii. Aliyeimaliza ni Dieudonné Saive pale kiwanda cha FN, mjini Herstal, na jeshi la Ubelgiji likaichukua mwaka 1935. Risasi ya kijeshi ya milimita 9 ilikuwa na pua ya mviringo, na ule mteremko unaoipandisha risasi kwenye chemba ulichongwa kwa ajili ya pua hiyo. Ukiipa zile za pua butu yenye tundu, matoleo ya kale hugota hapo hapo unapoeleza. Kwenye matoleo ya baadaye mteremko ulirekebishwa. Kwa hiyo jaribu kwanza za mviringo, za kiwandani.

Zikikwama hata hizo, shuku magazini kabla ya bastola. Kama unazo mbili au tatu, zitie alama kwa rangi ya kucha, uangalie ni ipi inayoleta shida. Midomo ya magazini ikipinda hata kidogo, risasi hupanda kwa pembe mbaya. Usiinyooshe kwa koleo, nunua nyingine.

Halafu ile springi kubwa iliyo chini ya mtutu. Watu hurithi bastola, wakairithisha, na springi ni ile ile. Ikichoka, slaidi hurudi mbele bila nguvu ya kuisukuma risasi mpaka ndani, na ikienda nyuma hugonga fremu kwa kishindo. Ni kipuri cha bei nafuu kinachookoa fremu isipasuke. Unapoagiza, sema wazi kwamba ni ya Hi-Power ya zamani, maana mwaka 2022 FN walitoa mpya yenye jina karibu lile lile, na vipuri vyake vingi haviingiliani na vya hiyo yako. Kazi ya kubadilisha mpelekee fundi aliyesajiliwa.

Kwa kuwa uko Mombasa, chumvi ya bahari itakusumbua kuliko yote haya. Usiilaze bastola ndani ya ala ya ngozi: ngozi hunyonya jasho na unyevu, kutu ikaanza upande usiouona. Ukirudi nyumbani ipanguse, uipake mafuta membamba, kisha uifungie kwenye sefu. Mafuta yawe kidogo tu, hasa kwenye reli za slaidi. Yakizidi hunasa mavumbi na masizi ya baruti yakawa tope.

Springi ikibadilishwa na tatizo likabaki, niandikie uniambie ni risasi ipi hukwama: ya kwanza magazini ikiwa imejaa, au zile za mwisho. Zikiwa za mwisho, basi springi ya magazini ndiyo iliyolegea.