Kabla hajaacha shule, nani alimwona?

Wiki hii mmeuliza nani wa kulaumiwa kijana anapoacha shule kabla ya kumaliza kidato cha nne: mzazi, mwalimu au serikali. Mimi kulaumiana kumenichosha. Ninachotaka kujua ni nani alimwona akiwa bado anavaa sare, maana hakuna anayeacha shule kwa siku moja.

Ada haina uzito wa zamani. Hapa Tanzania, tangu 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na tangu Novemba 2021 hata binti aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi darasani. Michango na nauli bado vinaumiza, sibishi. Lakini kijana ninayemfahamu mimi alikwamishwa na geti.

Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa kidato cha tatu, akiishi na bibi yake aliyepooza upande mmoja. Asubuhi anamgeuza, anamwosha, anamkorogea uji, kisha anasubiri jirani aje kukaa naye. Akifika shule, geti limefungwa. Waliochelewa wanachapwa, halafu wanafyeka majani mpaka kipindi cha tatu. Mwishowe akaona afadhali asiingie kabisa. Akawa anakaa nje ya uzio, ukingoni mwa mfereji, sare imepigwa pasi, daftari magotini, ananakili michoro ya Baiolojia kutoka kitabu cha kuazima. Wenzake wakitoka, naye anarudi nyumbani. Mimi niko mkoa mwingine, nikipiga simu naambiwa, "Shule inaendelea vizuri, mamdogo."

Aliyemwona ni mwalimu wake wa Baiolojia. Kijana aliinuka, "Shikamoo, madam," akisubiri kuburutwa ofisini. Yule mama akalichukua daftari, akatazama mchoro wa figo. "Mrija wa mkojo hautokei huku chini, mwanangu, unatokea hapa kwenye kibonyeo." Akausahihisha kwa kalamu yake, palepale kwenye mfereji. Ndipo akauliza: "Asubuhi nyumbani kuna nini?"

Akaenda kumwombea aingie kipindi cha pili bila fimbo. Mwalimu wa zamu akakataa, eti wote watataka hivyo. Mkuu wa shule naye akasitasita. Mama hakuchoka, mpaka kikapatikana kikaratasi cha ruhusa, kinasainiwa kila asubuhi. Novemba ya mwaka uliofuata kijana alikaa kwenye mtihani na wenzake, na cheti anacho.

Nilianza nikisema kulaumiana kumenichosha, lakini kuyaandika haya kumenipandisha hasira. Nikibanwa nitaje mmoja, naitaja shule. Simaanishi mwalimu mwenye mikondo mitatu na daftari zisizosahihishika, wala shule ambazo mwalimu wa ushauri nasaha anafanya kazi hiyo kweli. Mzazi anayemtuma mtoto mnadani siku ya masomo naye simtetei. Na wapo ambao kwao njia ya mtihani wa maarifa (QT, ule wa kufuzu kwa walio nje ya shule), kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ndiyo inayowezekana, naiheshimu. Ila shule isiitumie kama pa kuwasukumia wachelewaji. Kabla ya kumwita mtu mtoro, mwalimu wa darasa aulize kwanza nyumbani kwake asubuhi kukoje, na mkuu wa shule ampe nafasi ya kulifanyia kazi jibu atakalopewa.